Mama Wakati Ule

Meza yake ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni, imeegemea ukuta, na kiti kilichokuwa mbele yake hakikuwa cha wageni. Kilikuwa cha wenye makosa. Ukimwona mpakizi ameketi pale, kofia mapajani, ulijua kuna kitu kimeanguka, kimevunjika au kimeoza, na kwamba muda si mrefu ataulizwa swali ambalo ghala zima lilikuwa limelikariri: "Wakati ule, ulifikiri nini?"

Kwa swali hilo wakampa jina. Mbele yake aliitwa Mwalimu. Akigeuka tu, alikuwa Mama Wakati Ule. Nadhani alijua. Mtu aliyesimama darasani miaka thelathini na mmoja hakosi kujua jina analoitwa akishawapa watu mgongo.

Ghala letu lilipokea matunda na mboga, likayapima, likayaweka kwenye baridi na kuyatoa tena siku magari yalipokuja kuyachukua. Mimi nilikuwa karani wa mizani. Meza yangu ilikuwa ya nne, nyuma ya yake, kwa hiyo kwa miaka minane nimekitazama kisogo cha Mwalimu zaidi ya nilivyoutazama uso wa mke wangu. Niliandika uzito wa kreti, na kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi, niliandika na mengine.

Wenye ghala walikaa nchi nyingine, mbali, na huko hakuna aliyesoma lugha yetu. Kila palipotokea ajali, hata ya kreti moja ya nyanya, ilibidi fomu ya kurasa mbili iende kwao kwa Kiingereza. Ilikuwa na nafasi ya tarehe, ya saa, ya mahali, na mwisho nafasi kubwa kuliko zote: mhusika alifikiri nini kabla ya tukio. Wakubwa wa kule waliamini kwamba kreti huanza kuanguka kichwani kabla haijaanguka mkononi. Kabla Mwalimu hajaja, nafasi ile aliijaza meneja mwenyewe, na kila mara aliandika maneno yaleyale, kwamba ilikuwa bahati mbaya. Fomu zilirudi. Aliziandika upya, bahati mbaya ikawa bahati mbaya sana, nazo zikarudi tena.

Mwalimu aliletwa na binti yake, na mwenyewe hakujua kwamba ameletwa. Alikuwa amestaafu, amekaa nyumbani kwa huyo binti miezi minane, na katika miezi hiyo alikuwa amesahihisha kila kinachosemwa. Aliwasahihisha watangazaji wa redio. Aliwasahihisha wajukuu kabla hawajafika katikati ya sentensi. Mkwe wake, mtu mpole, alikuwa amefikia hatua ya kula kimyakimya ili asikosee. Binti akaja kwa meneja, ambaye alikuwa jirani yake, akamwomba kwa adabu zote amtafutie mama kazi yoyote yenye meza. Meneja alipotaja fomu zinazorudi, inasemekana binti yule alikaa chini na kufumba macho kama mtu aliyesikia dua yake imejibiwa.

Fomu ya kwanza aliyoandika Mwalimu haikurudi. Wala ya pili.

Siri yake ilikuwa karatasi aliyoibandika ukutani juu ya meza, ambayo wapakizi waliiita menyu. Alitueleza siku moja wakati wa chai, nami niliandika alivyosema. Sisi, alisema, mtu akisimulia ya jana husema "nilifikiri atarudi", na fikra anaileta mezani kama alivyoipakua, bado ya moto. Waingereza hawafanyi hivyo. Wao wakishasema nilifikiri, fikra nayo inabidi irudi nyuma pamoja na mwenyewe. Ile "will" iliyokuwa kichwani jana ikisimuliwa leo huwa "would", "can" huwa "could", na "may", yaani huenda, huwa "might". Ni "must", yaani lazima, peke yake inayobaki palepale ilipo, kama mzee aliyekataa kuhama na watoto wake.

Chini ya maneno hayo alikuwa amepiga mstari mwekundu, na chini ya mstari ameandika "should have", yaani nilipaswa. Hiyo, alisema, haiingii kwenye nafasi ya fomu hata kidogo, kwa sababu si fikra ya wakati ule. Ni majuto. Mtu huyapata baadaye, kreti ikiwa tayari chini, na kila mtu anayo tele. Ndiyo maana alimbana kila aliyekaa kwenye kile kiti. Alitaka fikra ya dakika ile, hata ikiwa ya kijinga, na si ile nzuri iliyokuja jioni.

Wapakizi hawakuchukua muda kugundua kwamba maneno yale hayana uzito sawa kule mbali. Aliyeandikiwa "must", yaani alikuwa na hakika, aliletewa maswali zaidi. Aliyeandikiwa "might" aliachwa na amani yake. Basi walianza kuja mezani wakiwa wameshachagua, kama watu waliokwenda kula.

Bingwa wao alikuwa mpakizi mmoja mrefu, mwenye kifua kama mlango, aliyekuwa akiingia chumba cha baridi bila koti na kutoka anajifuta jasho. Walimwita Jiko. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile mara nyingi kuliko mtu yeyote, na alikuwa na barua mbili za onyo, zote kwa Kiingereza cha Mwalimu. Meneja alisema Kiingereza chenyewe kilikuwa kizuri mno hata ikasikitisha kumpa mtu asiyekisoma. Barua ya tatu, kwa kanuni za ghala, ingekuwa ya kumuaga.

Siku Jiko alipoangusha nyanya za toroli nilikuwa nyuma yao, nikisikia yote.

"Wakati ule, ulifikiri nini?"

"Nilifikiri zitaanguka, Mwalimu."

"Ulifikiri zitaanguka, na bado ukasukuma?"

Jiko alitafakari. "Hapana. Nilifikiri hazitaanguka. Zilipoanguka ndipo nikafikiri zitaanguka."

"Hiyo ni baadaye. Mimi sitaki ya baadaye."

"Basi niandikie huenda, mama. Huenda haijawahi kumfukuzisha mtu."

Mwalimu alikataa. Walikaa pale mpaka chai ikapoa, na mwisho Jiko akakiri kwamba wakati ule alikuwa anafikiri toroli ni bovu lakini yeye ana nguvu kuliko toroli. Ikaandikwa hivyo hivyo, na ndiyo ikawa barua ya pili.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa. Wageni wawili kutoka makao makuu walikuwa wamefika, na meneja alitakiwa kuwakaribisha kwa hotuba fupi uwanjani, watu wote wakiwa wamesimama mbele ya magari. Hotuba aliiandika Mwalimu. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, mwaka ulikuwa unaishia mwezi ule, na barua ya kuuendeleza ilikuwa kwenye mkoba wa mmoja wa wageni wale, haijatiwa saini. Sote tulilijua hilo. Yeye alijifanya hajui, lakini wiki nzima aliivaa ile blauzi yake ya kola nyeupe.

Chumba cha baridi namba mbili kilikuwa chini ya ufunguo wake. Alipewa kwa sababu ya umakini, na siku aliyopewa alifungua daftari la kuandika kila mlango unapofunguliwa na kufungwa. Kufunga kulikuwa na utaratibu wake, ambao pale kwetu tuliuita kuuita mlango. Anayefunga husimama kizingitini, huita kwa sauti "Nani yumo?" mara tatu, na kila mara husubiri kiasi cha kuhesabu kumi, kwa sababu makreti yaliyopangwa hunywa sauti na mtu aliye nyuma kabisa husikia kwa taabu. Ndipo hufunga. Mwalimu ndiye aliyekuwa akiuita mlango vizuri kuliko wote. Aliita kama anaita mahudhurio.

Ijumaa ile saa tano kasoro robo kila mtu alitakiwa uwanjani. Mwalimu alikwenda namba mbili na karatasi ya hotuba mkononi, akafunga, akaja akasimama karibu nami kwenye mstari wa nyuma. Meneja alianza kusoma. Midomo ya Mwalimu ilikuwa ikitembea pamoja naye, neno kwa neno, na meneja alipofika mahali fulani akaruka neno, nikamwona Mwalimu anafumba macho.

Jiko alikuwa ndani ya namba mbili. Alikuwa ametumwa kuchukua kreti moja ya machungwa ya kuwaonjesha wageni, na kama kawaida yake aliingia bila koti, kwa maneno yake, dakika moja tu. Kitasa cha ndani kilikuwa kimeng'olewa wiki iliyotangulia na fundi wa mitambo, akisubiri kipuri. Kilichobaki ni kengele, na kengele ile ililia ofisini, ambako hakukuwa na mtu.

Ililia dakika arobaini. Nilikuwa wa kwanza kurudi, kwa ajili ya gari lililokuwa likisubiri mizani, nikaisikia tangu koridoni. Mwalimu alikuwa nyuma yangu hatua tatu. Ufunguo ulimshinda kuutia tunduni, nikautia mimi.

Jiko alitoka na kreti mikononi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Akatutazama, akatafuta la kusema, akasema, "Machungwa yenu haya."

Tukamkalisha juani. Mwalimu alivua mtandio wake wenye maua ya waridi akamfunga shingoni mara mbili, na wapakizi wenzake, ambao siku nyingine wangeangua kicheko mpaka jioni, hawakucheka. Wageni walisimama pembeni wakitazama. Mmoja aliandika kitu.

Kabla hawajaondoka mchana ule walimwambia meneja wanataka maelezo mawili, ya aliyefungiwa na ya aliyefunga, na wanayataka kufikia Jumanne. Barua ya mkataba waliondoka nayo.

Kanuni ilikuwa mtu haandiki maelezo yake mwenyewe. Wala Mwalimu asingeweza kuandika ya Jiko, kwa kuwa kesi ilimhusu yeye mwenyewe. Meneja aliangalia ofisi nzima, macho yakatua kwangu. Nilimkumbusha kwamba Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, cha zamani. Akasema cha zamani ndicho kizuri.

Jiko alikaa kwenye kiti chake cha siku zote saa tisa alasiri, ameshakunywa chai ya tangawizi vikombe vinne, mtandio bado uko shingoni. Mimi nilikaa kwenye kiti cha Mwalimu. Yeye alihamishiwa meza yangu na akaambiwa atazame dirishani. Chumba kilikuwa kimoja, kwa hiyo hakuna alichokosa kusikia.

Nilimuuliza swali. Jiko akasema wakati ule, mara tu mlango ulipofungwa, alifikiri Mwalimu amemfungia makusudi kwa sababu ya nyanya. Nikageuka kidogo, nikaona kisogo cha Mwalimu kule dirishani kimenyooka. Nikamuuliza kama niandike hivyo. Akacheka kidogo, akasema hapana, huo ni mzaha, nimwache apumue.

Kisha akawa anachezea pindo la mtandio.

"Nilifikiri atarudi," alisema. "Nilibonyeza kengele, nikasema sasa hivi atarudi. Mwalimu hasahau kitu. Nikakaa juu ya kreti nikamsubiri. Baadaye ndipo nilipoanza kuogopa, lakini hiyo ilikuwa baadaye sana."

Niliandika. Niliandika polepole, kwa sababu kila neno nililipima kabla ya kulishusha, na nilipomaliza nilihisi mtu anapumua karibu. Mwalimu alikuwa ameinuka na kuzunguka hadi upande wa Jiko, kuchukua miwani yake mezani. Niseme hapa kwamba walimu wa muda mrefu husoma maandishi yaliyopinduliwa kama sisi tusomavyo yaliyonyooka. Sentensi yangu ilisema "I thought she will come back". Niliona jicho lake likitua pale pale penye "will", likabaki pale. Mkono wake ulitoka kidogo, kisha ukarudi kama uliogusa sufuria ya moto. Akasema kwamba yeye haruhusiwi kugusa karatasi ile. Nikamwambia ni kweli, haruhusiwi. Akaitazama tena. Mwisho alivua miwani aliyokuja kuichukua, akaiacha mezani, akarudi dirishani akipapasa viti.

Nilitazama ukutani, nikaona kosa langu, nikalirekebisha. Nadhani nilisikia mtu akishusha pumzi.

Jioni ile meneja alimwita Mwalimu ofisini kwake. Mlango haukufungwa vizuri. Meneja alikuwa na nia njema, na alimweleza kwa kirefu kwamba yeye mwenyewe alikwenda kukagua misumari ya nje ya namba mbili, ambako wapakizi hutundika makoti mazito. Anayeingia huvaa, anayetoka hutundika. Wapakizi ni sita. Makoti yaliyokuwa yametundikwa saa ile ni sita. Yeyote ambaye angeona makoti sita angejua ndani hakuna mtu. Akarudia maneno hayo mara mbili, polepole, kama anayemwekea mtu kiti. Hakusema kwamba makoti yalikuwa sita kwa sababu Jiko aliingia bila lake, na kwamba kosa likitoka kwa Mwalimu litakwenda moja kwa moja kwa Jiko, ambaye alikuwa na barua mbili. Hakukuwa na haja ya kusema.

Mwalimu alimshukuru. Alipotoka alikusanya vitu vyake akaondoka dakika tano kabla ya muda, jambo ambalo sikuwahi kuliandika kabla ya siku ile.

Jumamosi na Jumapili sijui alizipitishaje, maana sikuwapo. Binti yake alimwambia meneja, na meneja akaniambia mimi, kwamba hakumsahihisha mtu yeyote kwa siku mbili. Mkwe alisema "pesa hizi lazima zimepotea" akimaanisha huenda zimepotea, akangoja. Hakuna kilichotokea. Usiku ule mkwe alimuuliza mkewe kama mama anaumwa.

Jumatatu asubuhi Jiko alisimama mbele ya meza yake. Alikuwa ameufua ule mtandio, ameukunja pembe nne, akaushika kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nimesikia habari za makoti," alisema. "Yalikuwa sita kweli. Mimi siwezi kukataa."

Aliweka mtandio mezani, akaenda kazini, amevaa koti.

Saa nne tulikaa. Safari hii Mwalimu ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha wenye makosa, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba kiti kile kilikuwa kifupi kuliko vingine, ukikalia unamtazama mwandishi kwa chini. Sijui kama alikichagua makusudi. Siku ile hakuonekana kukifurahia. Meneja alikuja akasimama mlangoni na kikombe. Wapakizi wawili walikumbuka ghafla kwamba wana swali la mizani, wakasubiri ukutani kwa subira ambayo hawakuwa nayo siku nyingine.

Niliandika tarehe, saa, mahali. Nikafika kwenye ile nafasi kubwa. Nikamuuliza wakati ule alifikiri nini.

Alikuwa amejiandaa. Aliweka mikono juu ya meza, akaanza kwa sauti ya darasani.

"Makoti kwenye misumari yalikuwa sita," alisema.

Kalamu yangu ilikuwa tayari. Kwa Kiingereza hata mimi ningeliandika bila kuangalia ukutani: alifikiri kwamba Jiko "must be outside", yaani lazima yuko nje. Ni lile neno lisilohama, linafaa kabisa, lina dalili yake, na hakuna mtu duniani ambaye angelipinga. Meneja alikunywa chai yake kwa faraja.

Lakini nilikuwa nimekaa nyuma ya mwanamke yule miaka mitano, na mkono wangu haukujua kuandika nafasi ile bila swali linalofuata. Nilimuuliza kama aliyekaa pale kila siku.

"Uliyaona wakati ule, Mwalimu, au baadaye?"

Hakunikasirikia. Alinitazama, kisha akaitazama karatasi iliyo ukutani, kisha akatazama mikono yake. Mmoja wa wapakizi alibadilisha mguu. Nilianza kuona haya, nikataka kumwambia ajibu anavyopenda.

"Baadaye," alisema. "Alinionyesha meneja. Sikuyaona."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo zaidi, basi wakati ule.

"Wakati ule nilikuwa nafikiri juu ya sentensi ya tatu ya hotuba." Aliiondoa mikono mezani. "Niliandika kwamba tulitumaini wangekuja mapema zaidi, nikawa najiuliza kama haitasikika kama tunawalaumu. Niko kizingitini, mlango uko mkononi, na mimi nageuza sentensi. Sikuita, mdogo wangu. Wala mara moja. Nilifunga tu, kama mtu anayefunga kabati lake."

Meneja alitoka mlangoni. Kikombe alikiacha juu ya kabati la faili.

Nilitazama ile menyu kutoka juu mpaka chini nikitafuta neno la kumwandikia. Hakufikiri Jiko yumo, wala hayumo, wala huenda yumo. Hapakuwa na fikra ya kuirudisha nyuma. Nikamwomba anisaidie namna ya kuiweka kwa Kiingereza, akanikumbusha kwamba haruhusiwi. Ikabidi nijitegemee. Niliandika kwa herufi kubwa kidogo, "I was not thinking about him. I did not call." Kisha nikaongeza ile habari ya hotuba, kwa maneno mafupi ninayoyamudu.

Aliisoma kutoka upande wake, imepinduliwa, mstari kwa mstari. Nikangoja.

"Hakuna kosa," alisema, akatia saini.

Majibu yalichukua siku kumi na moja. Katika siku hizo alikuja kazini kila asubuhi, akafanya fomu mbili, moja ya kabichi na moja ya taa ya gari, na akawauliza wahusika swali lake. Nilisubiri wamtanie. Mpakizi wa kabichi alikuwa na nafasi nzuri kabisa, kila mtu akimtazama. Alijibu tu, kwa adabu, na akakataa kuchagua kwenye menyu. Alisema ataandikiwa ile ya kweli, kwa vile sasa imekuwa fasheni.

Barua ilifika mchana. Ufunguo wa namba mbili uondolewe kwake, na kila mlango uitwe na watu wawili. Kitasa cha ndani kiwekwe ndani ya saa ishirini na nne, na kilipachikwa jioni ile ile, na fundi ambaye kwa wiki tatu alikuwa haonekani. Jiko akumbushwe kuvaa koti, kwa mdomo, bila barua. Kuhusu Mwalimu, waliandika kwamba alipaswa kuuita mlango, na walitumia ile ya chini ya mstari mwekundu, "should have", mara tatu katika aya moja. Mkataba wake haukuendelezwa kwa mwaka. Uliendelezwa kwa miezi sita, na baada ya hapo utaangaliwa upya.

Alisoma barua amesimama. Alipofika mwisho alirudi kwenye ile aya, nikafikiri atalia, nikaanza kutafuta leso.

"Wamekosea nukta," alisema, akaifungua droo kuihifadhi.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Mkataba haujawahi kurudi kuwa wa mwaka. Kila baada ya miezi sita unafika ukingoni, na barua ya kuuendeleza, kwa sababu wanazozijua wao wa kule, haifiki kabla ya siku ya mwisho. Basi siku ya mwisho Mwalimu hutoa kila kitu kwenye droo. Huondoa kamusi mbili, kikombe, kandambili za kuvalia ofisini, na pakiti ya biskuti ambayo hatujawahi kuonja. Hukibandua hata kile kikaratasi cha ukutani, hukikunja. Hapendi mtu mwingine aje akute uchafu wake. Tumemwambia mara nyingi kwamba barua itakuja, kama ilivyokuja mara zote, naye hutujibu kwamba hajui, na kwamba hatatusaidia kudhani.

Jiko ndiye humbebea kamusi mpaka getini. Ni nzito, na yeye hasemi neno njiani, jambo ambalo kwa Jiko ni kazi zaidi kuliko kamusi. Ijumaa iliyopita, siku nyingine ya mwisho, nilikuwa nyuma yao na makaratasi yangu. Getini Jiko alimkabidhi mkoba wa kamusi, akamsawazishia begani vizuri.

"Jumatatu nije nikupokee hapa, mama?" alimuuliza.

Mwalimu alitazama barabara kwanza, kana kwamba jibu lingetokea upande ule.

"Njoo," alisema. "Nikiwa sipo, usinisubiri zaidi ya dakika tano."

Leo ni Jumatatu. Jiko yuko getini tangu saa moja na nusu, amevaa koti la chumba cha baridi ingawa jua limeshawaka, na dakika tano alizopewa zimepita mara nne.